Sura ya Saba: Bunduki Isiyogoma

Bunduki ya marisawa inadaiwa mambo mawili tu: ilipuke inapoamriwa, na inyamaze isipoamriwa. Mengine yote, nakshi za pembeni, mti wa thamani kwenye kitako, jina la kiwanda lililochorwa kwa dhahabu, ni mapambo. Ndiyo maana wenye bunduki za kuwindia ndege na za kulengea visahani, wakikutana, hawakawii kuulizana: hiyo yako inagoma? Majibu hupishana mno. Watu wawili wamenunua bunduki ya aina moja, ya kiwanda kimoja, tena mwaka mmoja. Huyu anaapa kwamba haijawahi kumwangusha hata siku moja, yule anaitafutia mnunuzi.

Sura hii inahusu majibu hayo na sababu ya kupishana kwake. Hoja yangu ni moja, na naitanguliza: bunduki haitoki kiwandani ikiwa imeshakuwa ya kuaminika. Kiwanda hutoa chuma kizuri na muundo mzuri. Uaminifu wenyewe hukamilishwa na mwenye bunduki, kwa risasi anazoilisha, kwa usafi anaoufanya, na zaidi ya yote kwa kuelewa kinachotendeka ndani kila anapovuta kifyatulio. Kuonyesha hilo, hakuna shahidi bora kuliko bunduki iliyodumu sokoni karibu karne nzima bila kubadilishwa moyo wake: Browning Auto-5.

Fundi wa Ogden

John Moses Browning alizaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, Utah, nchini Marekani, mtoto wa fundi bunduki. Kuanzia mwaka 1883 alikuwa akiiuzia kampuni ya Winchester miundo yake, mmoja baada ya mwingine. Utaratibu ulikuwa rahisi: Browning analeta sampuli, Winchester inalipa fedha taslimu kwa mkupuo, biashara imekwisha. Kwa njia hiyo Winchester ilipata bunduki zilizoijengea jina, ikiwemo ile ya pampu ya mwaka 1897.

Mwishoni mwa karne hiyo Browning alibuni kitu ambacho soko lilikuwa halijakiona: bunduki ya marisawa inayotumia teke lake yenyewe kutema ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya. Hati za haki ya uvumbuzi zilitoka mwaka 1900. Safari hii hakutaka malipo ya mkupuo. Alidai alipwe kidogo kidogo kwa kila bunduki itakayouzwa. Mkuu wa Winchester, T. G. Bennett, alikataa, na ushirikiano wa karibu miaka 20 ukavunjika.

Browning akaenda kwa Remington. Mwezi Januari 1902, siku aliyopangiwa kukutana na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, ndiyo siku Hartley alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Browning hakusubiri mrithi. Alipanda meli na sampuli yake hadi Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na Liège, ambacho tayari kilikuwa kinatengeneza bastola yake. Mwezi Machi mwaka huohuo walikubaliana.

Bunduki iliyotokana na makubaliano hayo ilitengenezwa Ubelgiji hadi miaka ya 1970, kisha ikahamishiwa kwa kampuni ya Miroku ya Japani hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Remington nao walipewa leseni, wakaitengeneza tangu mwaka 1905, na baadaye ikajulikana kwa jina la Model 11. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mwaka 1940 na kazi ya Herstal ikasimama, Remington ndio walioitengenezea kampuni ya Browning bunduki zake. Zaidi ya milioni mbili zilitoka katika viwanda hivi. Ni vyombo vichache vyenye mashahidi wengi kiasi hicho: babu aliyeitumia kwenye vinamasi kabla ya vita, baba aliyeirithi, na mjukuu anayeifuta vumbi leo.

Pete mbili zinazoamua kila kitu

Ukiishika Auto-5 utaitambua hata gizani. Mgongo wake wa nyuma umesimama kama ngazi, haukuteremka taratibu kuelekea kitako kama wa bunduki nyingine. Ndani ya mwili huo wa mraba mna mwendo wa ajabu. Risasi inapolipuka, mtutu mzima hurudi nyuma ukiwa umefungamana na bolti, kwa umbali unaozidi urefu wa risasi yenyewe. Ukifika mwisho, bolti inabaki nyuma na mtutu unarudi mbele peke yake. Ganda lililoshikwa na bolti linaachwa wazi, linatupwa nje. Kisha bolti inafuata mbele ikisukuma risasi mpya chembani. Yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mtutu wa chuma unaorudi nyuma kwa kasi hiyo lazima upunguzwe mwendo, la sivyo utaipiga bunduki kutoka ndani mpaka ivunjike. Hapa ndipo Browning alipoweka akili yake yote. Fungua kofia iliyoko mbele ya bomba la risasi, vua kishikio cha mbao, utaona springi ndefu iliyozungushwa kwenye bomba hilo. Mbele ya springi kuna pete ya shaba iliyopasuliwa upande mmoja ili iweze kubana na kuachia. Pamoja nayo kuna pete nyingine ya chuma, upande mmoja bapa, upande wa pili umechongwa mshazari kwa ndani. Pete hizi ndizo breki ya bunduki nzima.

Kwa risasi nzito, pete ya chuma hukaa kati ya springi na pete ya shaba, mshazari wake ukiikabili shaba. Mtutu unaporudi, mshazari unaikamua pete ya shaba iking'ang'anie bomba, na msuguano unameza sehemu ya nguvu. Kwa risasi nyepesi, pete ya chuma huondolewa hapo na kuwekwa nyuma kabisa, chini ya springi, ikiegemea mwili wa bunduki, mahali ambapo haikamui chochote. Breki inalegea, na teke dogo la risasi nyepesi linatosha kuukamilisha mwendo.

Sasa rudi kwa wale wamiliki wawili. Wa kwanza anasema bunduki yake haitemi maganda: ganda linatoka nusu, linabanwa mlangoni, lazima alichomoe kwa kidole huku ndege wakipita. Wa pili anasema yake inatema vizuri sana, ila inampiga begani vibaya, na mbao ya kishikio cha mbele imepasuka. Mara nyingi hawa wawili wana bunduki isiyo na kasoro yoyote. Wa kwanza amepanga pete za risasi nzito na anapiga risasi nyepesi za kulengea visahani. Wa pili amepanga pete za risasi nyepesi na anawinda bata bukini kwa risasi nzito, kwa hiyo kila mlio unaupeleka mtutu nyuma bila breki, na mbao nyembamba ya mbele ndiyo inayolipa gharama.

Mafuta nayo yana lao. Mtu mwenye nia njema huilowesha bunduki yake kila kona akidhani anaitunza. Kwenye Auto-5, bomba linalochuruzika mafuta huifanya pete ya shaba iteleze, na msuguano unapotea hata kama pete zimepangwa sawasawa. Bomba lililokauka na kuota kutu hufanya kinyume chake: breki inakamata kupita kiasi, mtutu haufiki mwisho. Kinachotakiwa ni kulipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kulifuta.

Nunua Auto-5 ya mitumba leo, na jambo la kwanza si kwenda kuijaribu porini. Ni kuifungua na kuangalia pete ziko wapi. Aliyeiuza huenda hakujua, na aliyemuuzia yeye vilevile.

Risasi isiyo yake

Kuna kisa kingine kinachowatesa wenye bunduki za zamani, nacho hakihusu ufundi hata kidogo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Auto-5 nyingi za geji 16 zilitengenezwa zikiwa na chemba ya milimita 65, kwa kuwa ndio urefu wa risasi za wakati ule. Risasi nyingi za geji 16 zinazouzwa leo ni za milimita 70. Zinaingia bila tatizo, maana mdomo wa risasi umekunjwa kwa ndani. Tatizo huja ikishalipuka: mdomo unakunjuka, ganda linarefuka, na mlango wa kutolea maganda uliopimwa kwa ganda fupi unalikataa. Shinikizo ndani ya chemba nalo hupanda. Mwenye bunduki huondoka akisema kitu cha babu kimezeeka, kumbe kitu cha babu kinalishwa chakula kisicho chake.

Mwaka 1991 Marekani ilikamilisha marufuku ya marisawa ya risasi nyeusi, yaani madini ya ledi, kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima, kwa sababu bata na bata bukini walikuwa wakiyameza vinamasini na kufa kwa sumu. Badala yake yakaja marisawa ya chuma. Ilikuwa sheria njema kwa ndege. Kwa mwenye Auto-5 ya Ubelgiji ilikuwa habari nzito, kwa kuwa marisawa ya chuma ni magumu na hayabonyei yanapobanwa kwenye ncha ya mtutu. Browning wenyewe wanaonya yasitumike kwenye mitutu ya zamani ya Ubelgiji. Wengi walitafuta mtutu wa Japani wenye choki, yaani vibano vya ncha ya mtutu, za kubadilisha, wakaufunga kwenye mwili uleule wa Herstal, wakaendelea.

Hata bunduki ya pampu, ambayo wengi huiona kuwa haiwezi kugoma kwa sababu mkono wa mtu ndio injini yake, ina simulizi kama hiyo. Remington 870 iliingia sokoni mwaka 1950, na kufikia mwaka 2009 zilikuwa zimetengenezwa milioni 10. Toleo lake la bei nafuu, Express, lilianza mwaka 1987. Wamiliki wengi wa toleo hilo wameeleza jambo lilelile: wanapiga, wanavuta kishikio nyuma, kinakataa, ganda limeganda chembani. Ukichunguza unakuta mambo mawili yamekutana. Chemba haikulainishwa vya kutosha, na risasi ni zile za bei ya chini zenye kitako cha chuma badala ya shaba. Shaba hutanuka wakati wa mlipuko kisha hujikunyata tena, hivyo ganda linaachia. Chuma laini kikishatanuka hubaki kimetanuka. Fundi akiipiga msasa laini chemba, au mwenyewe akinunua risasi za kitako cha shaba, ugonjwa unaisha.

Somo la mwaka 1911

Winchester walijutia kumkataa Browning. Walimpa mhandisi wao, T. C. Johnson, kazi ya kubuni bunduki yao ya kujipakia. Kikwazo kilikuwa hati za Browning, kwa kuwa zilifunga karibu kila njia, pamoja na ile ya kuweka mkono wa kuvutia bolti pembeni. Bunduki iliyotoka mwaka 1911 haikuwa na mkono huo. Kuipakia risasi ya kwanza, mtu aliushika mtutu wenyewe, uliochongwa mikwaruzo ya kushikia, akausukuma nyuma.

Siku za kawaida hilo lilikuwa usumbufu tu. Lakini maganda ya wakati ule yalikuwa ya karatasi ngumu. Yale ya plastiki yalianza kuenea miaka ya 1960. Karatasi ikinyonya unyevu wa kinamasi huvimba, na risasi iliyovimba hukwama chembani. Baadhi ya wamiliki walijaribu kuikwamua kwa kusimamisha kitako ardhini na kuusukuma mtutu chini kwa mikono miwili, mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea usoni mwao. Risasi ikilipuka wakati huo, hakuna wa kusimulia. Bunduki hiyo ikapewa jina la utani la mtengeneza wajane, na mwaka 1925 ikaondolewa kwenye uzalishaji.

Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu linatuonyesha gharama halisi ya kugoma. Ndege anayeponyoka si hasara kubwa. Hatari iko kwenye mikono ya mtu mwenye haraka, anayepambana na bunduki iliyokwama huku ikiwa na risasi ndani. Kila simulizi la kukwama ni simulizi la usalama.

Gesi na mshtuko

Bunduki nyingi za leo za kujipakia zimeachana na mtutu unaotembea. Zimegawanyika katika koo mbili, na kila ukoo una wafuasi wasiokubali kushindwa.

Ukoo wa kwanza ni wa gesi. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoutangaza zaidi, na Beretta wa Gardone Val Trompia, Italia, kiwanda ambacho kumbukumbu zake zinafika mwaka 1526, wameuendeleza kwa vizazi kadhaa vya bunduki. Sehemu ndogo ya gesi ya mlipuko huibwa kupitia matundu chini ya mtutu, ikasukuma pistoni, na pistoni ikaendesha kila kitu. Sifa yake ni teke laini. Mtu anaweza kupiga siku nzima bega lisiume. Kasoro yake ni masizi. Gesi ileile inayofanya kazi inaacha kaboni kwenye pistoni na kwenye matundu, na siku kaboni ikizidi, bunduki inaanza kuchoka. Kwenye 1100 kuna kitu kingine kidogo cha kuangalia: pete ya mpira inayoziba gesi isivuje. Ikikatika, gesi inapotea na bunduki haijipakii. Mwenye 1100 anayejua mambo hatoki nyumbani bila pete ya akiba mfukoni, na bei yake ni ndogo kuliko ya pakiti ya risasi.

Ukoo wa pili ni wa mshtuko. Muundo wake ulioshika soko ni wa Mwitaliano Bruno Civolani, na kampuni ya Benelli ilianzishwa Urbino mwaka 1967 kuutengeneza. Bolti yake ina sehemu mbili: kichwa kinachozunguka na kujifunga kwenye mtutu, na mwili mzito ulio nyuma yake, katikati kuna springi fupi nene. Risasi inapolipuka, bunduki yote inarudi nyuma begani, lakini mwili wa bolti unabaki ulipo kwa uzito wake na kuibana springi. Springi ikijifyatua, inautupa mwili nyuma, kichwa kinafunguka, ganda linatoka. Gesi yote inatokea mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo ndani hubaki safi kwa muda mrefu. Wawindaji wa kwenye matope na mvua wanaipenda kwa sababu hiyo.

Lakini bunduki ya mshtuko lazima iweze kurudi nyuma. Ukiipakia vikorokoro vizito, ukaiegemeza mahali pagumu, au ukailisha risasi dhaifu mno, mshtuko haufiki kiwango na bolti haikamilishi mwendo.

Kuna kilio kimoja ambacho wenye Benelli wamekirudia mpaka kikapata jina lake: ule mlio wa "klik". Mwindaji amejificha alfajiri, bata wanakaribia, anavuta kifyatulio, anasikia klik na hakuna mlipuko. Alichofanya dakika chache kabla ndicho chanzo. Akihofia kelele, aliisindikiza bolti mbele taratibu kwa mkono badala ya kuiachia ijipige kwa nguvu zake. Au alipita kwenye matete na mkono wa bolti ukagonga tawi, kichwa kikazunguka kidogo na kufunguka nusu. Bunduki haikufungwa sawasawa, na kwa usalama wako inakataa kulipuka. Kampuni nayo iliwasikia wateja wake: kwenye Super Black Eagle 3 ya mwaka 2017 iliweka kifaa cha kusaidia kichwa kijifunge hata bolti ikisindikizwa. Kwa aliye na ya zamani, dawa ni tabia: achia bolti ijipige, kisha igonge kwa kiganja kuhakikisha imefika.

Mitutu miwili na kifyatulio kimoja

Wengine husema: achana na springi na pistoni, chukua ya mitutu miwili inayovunjika katikati. Ni kweli kwamba ina sehemu chache zinazotembea na kwamba mtutu mmoja ukigoma wa pili upo. Lakini nayo ina siri zake.

Nyingi zina kifyatulio kimoja kinachohamia mtutu wa pili kwa msaada wa teke la mtutu wa kwanza. Risasi ya kwanza isipolipuka, hakuna teke, na kifyatulio hakihami. Mwenye bunduki anavuta tena na tena, anadhani mitutu yote imekufa, kumbe anatakiwa kuisogeza swichi ya kuchagulia mtutu. Vifyatulio vya kimitambo havina shida hiyo, kwani vinahama bila kusubiri teke. Muulize muuzaji yako ni ya aina gani kabla hujalipa.

Halafu kuna uchakavu wa bawaba. Kila mlipuko unaivuta mitutu mbali na uso wa kiwiliwili, na baada ya risasi nyingi mno nafasi huanza kuonekana. Waundaji wazuri walilifikiria hilo tangu mwanzo. Kwenye Beretta za mfululizo wa 680, pini za bawaba zinabadilishwa, na pini za kufungia zina saizi kubwa zaidi za kuziba uchakavu, kwa hiyo fundi huirudishia bunduki ubana wake bila kuichomelea. Perazzi wa Botticino, karibu na Brescia, waliibuni MX8 pamoja na bingwa wa Olimpiki wa 1964, Ennio Mattarelli, kwa ajili ya michezo ya Meksiko ya 1968, na kifyatulio chake chote hutoka kwa mkono mmoja. Springi zake bapa zinaweza kuvunjika, na wapigaji wake wanalijua hilo. Hubeba kifyatulio cha pili mkobani, wanakibadilisha, mashindano yanaendelea. Bunduki inayovunjika springi na kurudi kazini dakika hiyohiyo ni ya kuaminika kuliko ile isiyovunjika ila mara moja, katikati ya fainali.

Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF, bunduki ikigoma mpigaji haruhusiwi kuifungua. Anaielekeza mahali salama, anamngoja mwamuzi aikague. Kanuni hiyo ingefaa kufuatwa hata na anayewinda peke yake.

Mahali bunduki zinapopimwa kweli

Kama unataka kujua bunduki ipi inadumu, elekeza macho Córdoba, Argentina. Huko mashamba ya nafaka yamewanenepesha hua mpaka wakawa makundi yasiyohesabika, na wageni hulipa kuja kuwawinda. Kupiga risasi zaidi ya 1,000 kwa siku moja ni jambo la kawaida. Mwindaji wa wikendi kwingineko huenda asifikishe idadi hiyo kwa miaka. Kambi za huko hukodisha bunduki, na bunduki hizo hazipumziki msimu mzima.

Zinafundisha jambo ambalo mmiliki mmoja mmoja hawezi kuliona: hakuna bunduki isiyochakaa. Springi hulegea, kucha za kunasia maganda hulika, pini za kufyatulia huvunjika. Kinachoitofautisha kambi nzuri na mbovu ni fundi anayezisafisha na kubadilisha springi kabla hazijalegea, na sanduku la vipuri lisilokauka. Anayesema bunduki yake haijagoma tangu ainunue, na kwa mwaka anapiga pakiti mbili, amesema kweli. Ila ukweli wake ni mdogo.

Namna ya kusikiliza ushuhuda

Basi ukitaka kununua, na ukaenda kuwauliza wenye nazo, usiishie kwenye swali la kama inagoma. Uliza imepigwa risasi kiasi gani, na zipi. Uliza inasafishwa lini na kwa mafuta gani, maana mafuta mazito huganda kwenye baridi na kuichelewesha pini ya kufyatulia, na kwenye joto la pwani, penye chumvi hewani, bunduki iliyolala ndani ya ala ya ngozi huota kutu hata ikiwa imepakwa mafuta. Uliza ilipogoma ilishindwa nini hasa: kulisha risasi, kutema ganda, au kulipuka. Hayo ni magonjwa matatu tofauti yenye dawa tofauti. Na iliposhindwa kulipuka, uliza alama ya pini kwenye fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, ilikuwaje. Shimo la kina huelekeza lawama kwa risasi. Alama hafifu huelekeza kwa bunduki.

Anayejibu maswali hayo kwa undani, hata akilalamika, msikilize. Anayejibu kwa kuapa tu, awe anasifu au anaponda, mshukuru na uende zako.

Na ukishakuwa na yako, shika haya matatu, kwa kuwa hapa hakuna mjadala. Ukivuta kifyatulio pasiwe na mlipuko, weka mdomo wa bunduki mahali salama na uhesabu nusu dakika kabla ya kuifungua, kwa sababu fataki inaweza kuchelewa. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, toa risasi zote uchungulie mtutu kabla ya kupiga tena, kwa sababu kizibo cha risasi kinaweza kuwa kimebaki humo, na mtutu ulioziba hupasuka. Na usiweke mfukoni mmoja risasi za geji 20 na za geji 12. Ile ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele ya chemba. Mwenye bunduki husikia klik, akifungua anaona chemba tupu, anaweka ya 12, na mlipuko unaofuata huupasua mtutu karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hupaka risasi za geji 20 rangi ya njano.

Soma kijitabu kilichokuja na bunduki yako, na kama kimepotea kitafute kingine. Ifungue mezani, nje ya msimu, mpaka ujue kila pete na kila springi inakaa wapi na kwa nini. Usipoweza, mpelekee fundi mwenye leseni na usimame pembeni uone anachofanya. Bunduki ambayo mwenyewe haijui ndani haiwezi kuaminika, iwe imetoka Herstal, Gardone au Urbino.